Eugen Sandow: Mbabe aliyeugeuza mwili wake kuwa duka

UKIPITA jioni katika mitaa mingi ya Nairobi, Mombasa au Kisumu, hutakosa kuwaona vijana wakinyanyua vyuma uani, wengine wakitumia mikebe ya rangi iliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa kipande cha bomba. Si mbali na hapo, ndani ya jengo la kifahari, utapata ukumbi wa mazoezi wenye vioo kutoka sakafuni hadi darini, ambako wafanyakazi wa ofisini hulipa ada ya kila mwezi ili wapunguze vitambi. Makundi haya mawili hayafahamiani, lakini yote yana deni kwa mtu mmoja aliyefariki mwaka wa 1925, na ambaye kaburi lake lilikaa zaidi ya miaka 70 bila hata kijiwe chenye jina lake.

Mtu huyo ni Eugen Sandow. Hakuwa wa kwanza kufungua ukumbi wa mazoezi duniani. Mfaransa Hippolyte Triat alikuwa na ukumbi mkubwa mjini Paris tangu katikati ya karne ya 19, na Wajerumani walikuwa na vyama vyao vya mazoezi ya viungo kabla ya hapo. Hakuwa pia mwenye nguvu kuliko wote wa zama zake. Alichokifanya, na ambacho wengine walikuwa hawajakifanya kwa kiwango hicho, ni kuichukua shughuli iliyokuwa ya sarakasi na mabaunsa wa mitaani na kuifanya biashara ya heshima, yenye anwani nzuri, wateja wenye vyeo, jarida, bidhaa za posta na matawi. Jinsi alivyoijenga biashara hiyo, na jinsi ilivyomponyoka, ni kisa kinachostahili kusimuliwa.

Alizaliwa Aprili 2, 1867, katika mji wa Königsberg uliokuwa Prussia wakati huo, na ambao leo ni Kaliningrad nchini Urusi. Jina alilopewa na wazazi wake ni Friedrich Wilhelm Müller. Kuhusu utoto wake, mengi tuliyo nayo ni yale aliyoyaeleza mwenyewe alipokuwa tayari mtu mashuhuri mwenye bidhaa za kuuza, na hayo ni ya kupokelewa kwa tahadhari. Alipenda kusimulia kwamba alikuwa mtoto dhaifu, kwamba babake alimpeleka Italia, na kwamba huko aliziona sanamu za mashujaa wa kale na kuuliza kwa nini wanaume wa siku hizi hawana maumbo kama yale. Walioandika maisha yake baadaye wameitilia shaka hadithi hiyo. Lakini ukiitazama kwa jicho la mfanyabiashara, utaona ilivyomfaa: iwapo mtoto dhaifu aliweza kuwa Sandow, basi karani yeyote aliyepinda mgongo ofisini anaweza pia, mradi alipe.

Akiwa kijana wa miaka 18 hivi aliondoka kwao, na wengi wanaamini alikuwa akikwepa utumishi wa lazima jeshini. Alizunguka na sarakasi barani Ulaya hadi mkondo wa maisha ulipomfikisha Brussels, Ubelgiji. Hapo alikutana na Louis Attila, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Ludwig Durlacher. Attila alikuwa mbabe wa jukwaani na mwalimu wa mazoezi. Alimfundisha kijana huyu mambo mawili. La kwanza lilikuwa kunyanyua vyuma vizito kwa mpango, uzani ukiongezwa kidogo kidogo. La pili lilikuwa namna ya kumfurahisha mtazamaji. Jina la Müller likaachwa, likazaliwa jina la Sandow.

Mlango wa bahati ulifunguka London mwishoni mwa Oktoba, 1889. Katika jumba la burudani la Royal Aquarium, Westminster, mbabe aliyejiita Sampson alikuwa akitoa changamoto kila usiku: atakayemshinda mwanafunzi wake, Cyclops, angepewa pauni 100, na atakayemshinda yeye mwenyewe angepewa pauni 500. Kwa kawaida hakuna aliyethubutu. Usiku mmoja akajitokeza kijana mwenye nywele za dhahabu, amevaa suti ya jioni kama bwana anayekwenda karamuni, na watazamaji wakacheka. Alipoivua suti hiyo na kubaki na vazi la mwanariadha, kicheko kikakatika. Alimshinda Cyclops, na siku chache baadaye, Novemba 2, akamshinda Sampson mwenyewe mbele ya ukumbi uliofurika, huku mmoja wa waamuzi akiwa Mtawala wa Queensberry, yule ambaye kanuni za ndondi zinaitwa kwa jina lake. Malipo ya dau yalileta mzozo na hakupata fedha zote. Hata hivyo, kufikia asubuhi iliyofuata, jina lake lilikuwa kwenye vinywa vya watu wa London.

Suti ile, msomaji, inaeleza mengi. Wababe wengine walijitokeza na ngozi za wanyama na masharubu ya kutisha. Sandow alielewa mapema kwamba ndani ya ukumbi kuna mabwana wenye fedha, na kwamba bwana hatanunua nguvu kutoka kwa mtu anayemuogopesha. Atanunua kutoka kwa mtu anayefanana naye, ila amemzidi kidogo.

Mwaka wa 1893 alivuka bahari hadi Marekani. Alianzia New York katika ukumbi wa Casino, kisha akachukuliwa na kijana aliyekuwa akitafuta kivutio cha ukumbi wa familia yake mjini Chicago, wakati mji huo ulipokuwa umefurika wageni wa maonyesho makubwa ya kimataifa. Kijana huyo alikuwa Florenz Ziegfeld, ambaye baadaye angekuwa mfalme wa maonyesho ya jukwaani huko Broadway. Maadamu hakuwa na fedha za kumlipa nyota huyu mshahara aliouzoea, alimpa sehemu ya mapato ya mlangoni. Kila tiketi ikawa na senti ya Sandow ndani yake.

Ziegfeld ndiye aliyegundua kwamba watu hawakuvutiwa sana na uzani aliokuwa akinyanyua. Walivutiwa na mwili wenyewe. Akapunguza vyuma na kuongeza taa. Sandow alisimama kwenye mwanga mkali, mwili umepakwa unga mweupe, akijipinda kama sanamu za Wagiriki na Warumi. Inasimuliwa kwamba mabibi wa tabaka la juu waliotoa mchango mnono kwa hisani waliruhusiwa kwenda nyuma ya pazia na kuigusa misuli yake, na magazeti ya Chicago yakapata la kuandika. Mwaka huo huo, Dkt Dudley Sargent wa Chuo Kikuu cha Harvard alimpima viungo vyote na kumsifu, na sifa ya daktari kutoka Harvard ni tangazo ambalo fedha hazingeweza kununua. Machi 6, 1894, alisimama mbele ya kamera ya Thomas Edison huko New Jersey, akawa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuonekana katika filamu.

Si kila jambo lilifaulu. Huko San Francisco mwaka wa 1894 alitangaza pambano kati yake na simba. Mnyama alifungwa mdomo na kuvishwa mifuko kwenye makucha, na alipoingizwa ulingoni hakuonyesha hamu yoyote ya kupigana. Watu waliolipa viingilio walijiona wametapeliwa. Aliondoka pale na funzo, kwani mbinu za namna hiyo hakuzirudia.

Mwaka huo wa 1894 alimwoa Blanche Brooks, binti wa mpiga picha wa Manchester, na wakajaliwa mabinti wawili, Helen na Lorraine. Alikuwa anakaribia umri wa miaka 30. Mtu anayeishi kwa kuonyesha mwili wake anajua kwamba bidhaa yake inaharibika kila mwaka. Wapo wanariadha wetu wengi ambao jambo hili huwajia wakati mbio zimekwisha na fedha zimekwisha. Sandow alilifikiria akiwa bado kileleni.

Hivyo, mnamo 1897 alifungua taasisi yake ya mazoezi ya mwili katika barabara ya St James's, London. Anayeujua mji huo atatambua uzito wa uamuzi huo. St James's ilikuwa, na bado ni, barabara ya vilabu vya mabwana wakubwa, karibu na kasri la kifalme, na kodi ya pango huko haikuwa ya mchezo. Wababe waliomtangulia walifundisha katika vyumba vya chini na nyuma ya vilabu vya pombe, kwenye harufu ya jasho na taa hafifu. Sandow alitandika mazulia, akaweka vyumba vya faragha vya kubadilishia nguo, akawa na walimu nadhifu, na akatenga nyakati za akina mama peke yao. Mteja aliyeingia pale hakuona haya kukutana na mwenzake wa bungeni mlangoni. Sir Arthur Conan Doyle, daktari na mwandishi aliyemuumba mpelelezi Sherlock Holmes, alikuwa miongoni mwa waliofanya mazoezi chini yake, na wakawa marafiki.

Utaratibu wa ndani nao ulikuwa wa kibiashara kwelikweli, ingawa ulivaa koti la sayansi. Mwanafunzi mpya alipimwa: kifua, mkono, paja, shingo, uzito. Vipimo viliandikwa, kisha akapangiwa mazoezi yake binafsi kulingana na umri, kazi na maradhi yake. Baada ya muda alipimwa tena, na namba mpya zikawekwa kando ya zile za zamani. Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga walinena, na Sandow aliweka daftari la misuli ya watu. Mteja anayeona kwa maandishi kwamba kifua chake kimepanuka kwa inchi mbili hahitaji kushawishiwa alipe ada ya kipindi kijacho.

Kuna siri moja hapa ambayo wapinzani wake waliisema kwa uchungu. Yeye mwenyewe alijengwa na vyuma vizito alivyonyanyulishwa na Attila. Lakini wateja wake aliwapa dambeli ndogo za ratili chache tu, wazirudie mara nyingi huku wakielekeza mawazo yao yote kwenye msuli unaofanya kazi. Je, alikuwa akiwadanganya? Nionavyo mimi, si kabisa. Karani aliyeketi kutwa nzima hakuhitaji kunyanyua farasi. Alihitaji kuusogeza mwili wake kila siku bila kuumia. Kwa mtu huyo, dambeli ndogo ilikuwa dawa ya kweli. Ila hapana budi kukiri kwamba aliyetazama picha ya Sandow kwenye jalada na kudhani kwamba dambeli hizo zingempa mwili ule ule alikuwa anajidanganya, na Sandow hakufanya haraka kumzindua.

Na hizo dambeli ndogo zilikuwa na faida nyingine: zilitumwa kwa posta. Ukumbi mmoja unaweza kuhudumia watu wanaoufikia kwa miguu au kwa gari la farasi. Posta ya dola la Kiingereza ilifika kila bara. Kitabu chake, Strength and How to Obtain It, kilichotoka mwaka huo huo wa 1897, kiliambatana na chati na majedwali ya mazoezi. Mtu wa mbali aliandika vipimo vyake na hali ya afya yake, akalipa, akaletewa mpango wake. Kisha kikaja kifaa kilichokuwa na mauzo makubwa kuliko vyote: dambeli iliyokatwa sehemu mbili kwa urefu, katikati ikawekewa springi, hivi kwamba mtumiaji alilazimika kuibana mkononi wakati wote wa zoezi. Kulikuwa pia na nyuzi za mpira za kuvutwa, zilizofungwa mlangoni, ambazo kizazi cha leo kinaziona ukumbini na kudhani ni uvumbuzi mpya.

Mnamo 1898 alianzisha jarida la kila mwezi, ambalo kwanza liliitwa Physical Culture na baadaye likabeba jina lake. Liliendelea hadi 1907. Jarida lilitangaza ukumbi, ukumbi ukauza vifaa, vifaa vikaleta wasomaji. Matawi yakafunguliwa kwingineko London na katika miji mingine ya Uingereza.

Katika jarida hilo ndimo alimotangaza shindano kubwa la kutafuta Mwingereza mwenye mwili uliojengeka vizuri kuliko wote. Kwa miaka mitatu mashindano ya majimbo yalifanyika kote nchini, na kila jimbo likawa na washindi wake, picha zao zikijaza kurasa. Fainali ilifanyika Septemba 14, 1901, katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London. Ukumbi ulijaa hadi watu wakarudishwa mlangoni. Wanaume 60 waliandamana wakiwa wamevalia suruali nyeusi za kubana na ngozi ya chui. Waamuzi walikuwa mchongaji sanamu Sir Charles Lawes na Conan Doyle, naye Sandow akawa mwamuzi wa mwisho. Kanuni zilisema wazi kwamba ukubwa wa misuli pekee hautoshi: walitazama uwiano wa viungo, hali ya ngozi na afya kwa jumla. Mshindi alikuwa William Murray wa Nottingham, aliyepewa sanamu ya Sandow yenye rangi ya dhahabu, iliyotokana na kazi ya mchongaji Frederick Pomeroy. Mapato ya usiku huo yalipelekwa kwenye mfuko wa kuwasaidia walioathiriwa na vita vya Afrika Kusini.

Vita hivyo vya Makaburu vilikuwa vimemfaa kuliko tangazo lolote. Waingereza walikuwa wameshtuka kuona vijana wengi wa mijini waliojitokeza kuandikishwa wakikataliwa kwa udhaifu wa mwili. Serikali, madaktari na magazeti yalijaa hofu kwamba taifa linadhoofika. Sandow alikuwa tayari ameketi St James's na dawa mkononi.

Lakini hofu hiyo ilikuwa na uso mwingine, nao hautupendezi sisi wa huku. Mwaka huo wa 1901 jumba la makumbusho ya viumbe la London lilichukua umbo zima la mwili wake kwa plasta, ili liwekwe kama kielelezo cha mwanamume wa Ulaya aliyekamilika. Ilikuwa zama za kupima mafuvu na kuyapanga mataifa kwa ngazi, na kila mtu anajua Mwafrika aliwekwa ngazi gani. Sanamu hiyo haikudumu mbele ya macho ya umma. Iliondolewa muda si mrefu. Sandow mwenyewe alijivunia heshima hiyo, na sioni sababu ya kumficha.

Ajabu ni kwamba soko lake halikufuata ngazi hizo. Kati ya 1902 na 1905 alizunguka Australia, New Zealand, Afrika Kusini, Bara Hindi, Burma, Uchina, Java na Japani. Kule Bara Hindi, vijana waliochoshwa na Waingereza waliokuwa wakiwaita wanyonge walizichukua dambeli zake na majedwali yake na kuyachanganya na mazoezi ya jadi yao. Walinunua kutoka kwa Mzungu nguvu ambazo walikusudia kumwonyesha Mzungu. Tajiri mmoja Mparsi wa Bombay, Dhunjibhoy Bomanji, aliyekuwa akisumbuliwa na matende, alitafuta matibabu kwake na kuwa mfadhili wake. Wachunguzi wa historia ya yoga wamebainisha kuwa hata baadhi ya mazoezi ambayo ulimwengu leo unayapokea kama ya kale sana yalipitia katika wimbi hilo la mazoezi ya mwili ambalo Sandow alikuwa sura yake.

Aliporudi, alikuwa tajiri. Alipata uraia wa Uingereza mwaka wa 1906 na kuhamia katika nyumba kubwa Holland Park, London. Mwaka wa 1911 Mfalme George wa Tano alimpa cheo cha kuwa mwalimu wake wa mazoezi ya mwili. Hakukuwa na ngazi ya juu zaidi ya hapo kwa mtu aliyeanza katika sarakasi.

Hapa ndipo hesabu zilipoanza kwenda mrama. Ukumbi wa St James's ulikuwa umegeuka kuwa taasisi ya kuponya maradhi bila dawa, ikiahidi kutibu tumbo lisilosaga chakula, usingizi uliopotea, uchovu wa neva na mengine mengi. Kisha jina la Sandow likaanza kubandikwa kwenye bidhaa ambazo hazikuhusiana na ukumbi wa mazoezi. Kulikuwa na vazi la akina mama la kubana kiuno. Na kulikuwa na kakao.

Kakao ya Sandow ya afya na nguvu iliingia sokoni katika miaka iliyotangulia Vita vya Kwanza vya Dunia, na kiwanda kikajengwa Hayes, magharibi mwa London. Kinywaji hicho kiliuzwa kama mafuta ya kuendeshea misuli. Lakini soko la kakao la Uingereza lilikuwa na wenyewe: Cadbury, Fry na Rowntree, familia zilizokuwa zimekaa katika biashara hiyo kwa vizazi. Ukumbi wa mazoezi hauhitaji shehena za malighafi kutoka ng'ambo, wala mashine za bei ghali, wala malori. Unahitaji chumba, walimu na wateja wanaorudi. Mtu aliyekuwa na biashara nyepesi kama dambeli zake alijitwika mzigo wa kiwanda, na akajitwika wakati mbaya.

Agosti 1914 vita vikazuka, na Ujerumani ikawa adui. Maduka ya watu wenye majina ya Kijerumani yalivunjwa na kuporwa. Sandow alikuwa raia kwa miaka minane, alikuwa amejitolea kuwafunza vijana wa Kiingereza waliotaka kufikia viwango vya jeshi, na mfalme alikuwa mteja wake. Yote hayo hayakufua dafu. Kila mtu alikumbuka kwamba alizaliwa Prussia, maana yeye mwenyewe alikuwa ameisimulia hadithi hiyo kwa miaka 25. Mfalme mwenyewe, ambaye ukoo wake ulikuwa na jina la Kijerumani, alilibadilisha kuwa Windsor mwaka wa 1917. Sandow hakuwa na jina la kubadilisha. Alikwisha kulibadilisha zamani, na hilo jipya ndilo lililokuwa limeandikwa kwenye kila kopo la kakao.

Kampuni ya kakao ilianguka mwaka wa 1916. Kiwanda cha Hayes kilichukuliwa na wengine na hatimaye kikaingia mikononi mwa Nestlé. Utajiri alioukusanya kwa vyuma ukawa umepungua mno.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hakuiuza biashara ya kumbi zake alipokuwa kileleni, mathalani mwaka wa 1905, na kukaa kitako. Jibu liko katika namna alivyoijenga. Vioo, mazulia na dambeli vingeweza kuuzwa na mtu yeyote, lakini kilichowaleta wateja ni Sandow, na Sandow hauziki. Hakumwandaa mrithi ambaye jina lake lingesimama kando ya lake. Walioingia katika biashara hii baadaye walilikuta tatizo hilo hilo likiwasubiri. Mmarekani Joe Gold alifungua ukumbi wake Venice, California, mwaka wa 1965, na miaka michache baadaye akauuza pamoja na jina lake. Alipotaka kurudi katika biashara hiyo hakuweza kulitumia jina alilozaliwa nalo, ikambidi afungue ukumbi mwingine ulioitwa World Gym. Huyo aliuza jina akajuta. Sandow hakuliuza, likazama naye.

Alizidi kuishi kwa miaka tisa baada ya kakao. Mwaka wa 1919 alichapisha kitabu kikubwa, Life is Movement, akitetea kwamba mazoezi kwa watoto shuleni na wafanyakazi viwandani yangezuia maradhi mengi. Ukikisoma kikiwa kimevuliwa majigambo, utaona mengi ambayo wizara za afya duniani zinayahubiri hivi leo. Wakati huo huo dunia ilikuwa imepata mashujaa wengine. Katika riwaya ya Ulysses ya James Joyce, iliyotoka mwaka wa 1922, mhusika mkuu Leopold Bloom anajikumbusha kwamba inambidi aanze tena mazoezi ya Sandow, jambo ambalo msomaji anajua hatalifanya. Ni wangapi kati yetu hawana jirani wa namna hiyo, au hawamwoni kwenye kioo kila Januari?

Sandow alifariki Oktoba 14, 1925, nyumbani kwake London, akiwa na umri wa miaka 58. Magazeti yalieleza kwamba alipasuka mshipa kichwani kutokana na juhudi za kulinyanyua peke yake gari lililokuwa limetumbukia mtaroni. Ilikuwa hadithi iliyomfaa, ya mwisho katika mfululizo wa hadithi zilizomfaa. Wachunguzi wa baadaye wanaelekea zaidi kwenye uvimbe wa mshipa mkuu wa damu uliopasuka.

Alizikwa katika makaburi ya Putney Vale. Mjane wake, Blanche, hakutaka jiwe liwekwe. Walioandika maisha yake wanaona kwamba ndoa hiyo ilikuwa imepoa kwa miaka mingi. Mwaka baada ya mwaka nyasi ziliota, na mtu aliyepigwa picha kuliko wanaume wengi wa zama zake akawa hana hata alama ya kumwonyesha mpita njia mahali alipolala.

Tangu mwaka wa 1977, mshindi wa shindano la Mr Olympia, ambalo ndilo kubwa zaidi kwa watunisha misuli, amekuwa akipewa sanamu yenye umbo la Sandow. Arnold Schwarzenegger aliipokea aliposhinda mwaka wa 1980. Kaburini, hatimaye jiwe dogo liliwekwa mwaka wa 2002 na mpenzi mmoja wa historia ya mazoezi. Mwaka wa 2008 mtu wa uzao wake aliliondoa na kuleta jiwe la asili la rangi ya waridi, zito la tani moja na nusu, lililochongwa neno moja tu kutoka juu hadi chini: SANDOW.